Papa wa Sabaki na Kaburi la Ikonge

Ikonge, kwa njia ya Nyamira
9 Aprili 1968

Kwa Bwana Bwanaheri Shee, Mambrui.

Bwana,

Hunijui. Mimi ni Abner Omwenga, baba yake Machogu, yule kijana wa ghala la hoteli aliyechukuliwa na papa pale mto Sabaki unapoingia baharini. Askari Nyasani, mtu wa kwetu aliye hapo Malindi, ameniandikia kwamba wewe ulikuwa ufukoni siku ile, na kwamba kazi yako ni kuvua papa ukiwa umesimama nchi kavu. Kiswahili changu nilijifunza Kericho nikiwa nyapara wa chai. Kama nakosea unisamehe, lakini usiseme hukuelewa.

Mambo ni haya. Simu ya maandishi iliyofika hapa ilisema Machogu amekufa, basi. Haikusema amekufaje. Tukafanya kama watu wafanyavyo: wajomba zake wakaja na majembe, wakachimba kaburi kando ya nyumba yake, na ndugu yangu akaenda Kisumu kungoja jeneza kwenye treni. Ndipo barua ya Nyasani ikafika. Hakuna jeneza. Hakuna maiti.

Sasa nina kaburi wazi ndani ya boma. Hapa kwetu kaburi halichimbwi likaachwa tupu. Watu wanasema litaita mwingine. Majirani wameacha njia ya kisimani inayopita kwangu, wanazunguka huko chini kwa matope. Wengine wananiambia nizike kigogo cha mgomba, nifunike, yaishe. Mimi ni mzee wa kanisa la Sabato. Nitamwita pasta aje auombee mgomba?

Nataka umvue huyo papa. Baba yangu alitega chui katika vilima hivi, najua kazi hiyo. Chui akiua mahali haendi mbali, pale ndipo kwake, na hurudi. Unafunga mbuzi, unangoja. Fanya hivyo hivyo. Chagua ndoana ya maana na kamba ya maana, si vitu vya kuchezea watoto, na chambo kiwe mbuzi. Ukimpata mpasue. Chochote cha mwanangu kitakachokuwamo, hata kikiwa kidogo, niletee nikizike.

Abner Omwenga

*

Mambrui
21 Aprili 1968

Mzee wangu Abner,

Pole. Neno hilo halitoshi, lakini sina lingine.

Ni kweli nilikuwapo. Maji ya Sabaki wakati huu ni mekundu kwa udongo wa bara, na sisi hatuogi humo, kwa sababu papa hupenda maji yasiyoonyesha kitu. Mwanao aliniambia siku moja kwamba maji hayo yanafanana na ya mto wenu, ndiyo maana anayapenda kuliko yale ya buluu. Nilimwonya. Alicheka, akasema yeye ni mtu wa mtoni. Jumapili ile nilimwona ameshaingia hadi kifuani. Nikapunga mkono kwa nguvu atoke. Naye akanipungia, akadhani namsalimu. Basi hapo hapo akazama. Nilifikiri nikufiche hilo, lakini baba mtu anastahili kujua.

Sasa kazi uliyonipa. Mzee, papa si chui. Hana mlima wake. Aliyekuwa Sabaki asubuhi, jioni sijui yuko wapi, na wiki ijayo pengine yuko Lamu. Wapo wengi, na hawana majina.

Lakini umeniuliza vifaa, nami sitaki uone nakupuuza. Ndoana ninazo mbili. Ndogo ni ya kiganja, hiyo hunasa vizuri. Kubwa inafika kwenye kiwiko, watu huipenda wakiitazama, papa huitema. Juu ya ndoana lazima pawe na chuma, maana kamba tupu ataikata kama uzi. Waya wa kusuka ni mwepesi, lakini ukijikunja mara moja umekwisha. Mnyororo haukatiki, ila unazama na kujificha mchangani, na chambo kikizama kaa wanakila. Kamba ya katani ikilowa inakuwa nzito kama maiti, unisamehe kwa mfano huo. Nailoni ni nyepesi, inachana viganja. Mwisho wa kamba naufunga kwenye gogo la mkoko nililolizika ufukoni, na debe tupu linaloelea hubeba chambo kwenda mbele maji yakitoka. Chambo changu ni samaki taa au kipande cha samaki mwenye damu. Mbuzi sijawahi kutumia, mbuzi tunamla.

Jambo moja nitakwambia kwa sababu ni kweli: papa hana mfupa mgumu. Mwili wake wote ni gegedu. Mfupa mgumu ukiukuta ndani yake, si wake.

Nashauri ufunike kaburi, mzee.

Bwanaheri Shee

*

Ikonge
4 Mei 1968

Bwana Bwanaheri,

Nimesoma shauri lako. Silitaki. Lakini hilo la mfupa nimelisoma mara nyingi.

Nimekutumia gunia la chai kwa mkono wa Nyasani, aliyekuja kutupa pole. Ndani kuna ndoana iliyofuliwa na Nyamongo wa hapa sokoni kwa springi ya lori. Ameifua bure, alisoma na Machogu. Pia kuna mnyororo wa plau yangu. Ng'ombe wanne wameuvuta huo tangu Machogu ni mtoto, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza kwa mbele. Haujakatika. Unasema mnyororo unazama. Ongeza debe la pili.

Kuhusu chambo, nimekataa samaki. Mnyama aliyezoea kula mtu hatarudi kwa sababu ya samaki. Samaki anao huko nyumbani kwake. Mbuzi ana damu moto. Chinja, kata mguu wa nyuma juu ya goti, ngozi ibaki. Fedha nimempa Nyasani, usibishane naye.

Usivue siku ya Sabato. Siwezi kupata mwanangu kwa kuvunja amri.

Mvua ya hapa ni kubwa. Kaburi limeingia maji.

Abner Omwenga

*

Mambrui
26 Mei 1968

Mzee Abner,

Gunia limefika. Ijumaa sivui mpaka tutoke msikitini, Jumamosi umenikataza wewe, Jumapili ufuo umejaa wageni wa hoteli. Huyu papa wako ana likizo nyingi kuliko karani wa serikali. Usikasirike. Nimevua hata hivyo, siku zilizobaki zote.

Ndoana ya Nyamongo ni chuma kizuri, mwambie nimeisifu. Ila ncha ni nene na haina kulabu ya kumzuia samaki asichomoke. Inafaa kutundikia nyama buchani. Nilijaribu kuinoa siku mbili, nikaiweka. Nimechagua ile yangu ya kiganja, nikaiunga na mnyororo wako. Wavuvi wenzangu walikuja kuutazama. Walisema nimeanza kulima bahari.

Nimetumia mbuzi kama ulivyoamuru. Mguu unachomoka kwenye ndoana upesi, kwa hiyo nimejifunza kuufunga kwa waya mwembamba. Wa kwanza uliliwa na kaa. Wa pili ulirudi mzima, unanuka. Kwa ule wa tatu alikuja papa kweli, tukavuta watu saba, akatoka. Si mkubwa. Nilimpasua mwenyewe, sikumruhusu mtu kusogea. Mlikuwa na gamba la kasa, manyoya ya ndege, na kopo la samli. Nilitazama sana, mzee. Hakuna kitu.

Nakuomba tena. Funika.

Bwanaheri

*

Ikonge
6 Juni 1968

Bwana Bwanaheri,

Ndama wa jirani ametumbukia kaburini, amevunjika mguu. Wamekuja wazee kunieleza kwamba hiyo ni dalili. Nimewaambia huyo ni ndama.

Unavua kwa mkono wa mtu asiyeamini. Mambo ya namna hiyo hayafaulu. Nakuja mwenyewe.

Abner Omwenga

*

Shule ya Msingi, Ekerenyo
8 Juni 1968

Kwa Mzee Bwanaheri,

Shikamoo. Mimi ni Persis, dada yake Machogu, nafundisha hapa Ekerenyo. Baba hajui kwamba naandika, na akijua hatanisamehe.

Yeye hukuandikia kama nyapara. Usidanganyike na sauti hiyo. Chai yetu haijachumwa tangu mwezi wa tatu, imeota juu hadi inanipita kichwa. Asubuhi baba hushuka ndani ya kaburi na debe, anachota maji, anamwaga nje, kesho mvua inalijaza tena. Mama ndiye anayenitisha zaidi. Analala katika nyumba ya Machogu, na mlango anauacha wazi usiku wote, na baridi ya huku, ili akija asikute pamefungwa. Nimemwambia, "Mama, hatakuja." Akanijibu, "Basi mbona hamjamfunika?"

Mzee, sitakuzungusha. Tuma chochote. Kipande cha nguo, kifungo cha shati, mfupa. Sema umekitoa tumboni mwa papa. Mimi nitabeba dhambi hiyo, wewe usiibebe. Kaburi lile lisipofungwa nitawapoteza wote wawili.

Baba hajui kuogelea. Tafadhali umwangalie.

Persis Omwenga

*

Mambrui
2 Julai 1968

Binti yangu Persis,

Marahaba. Baba yako nimempandisha basi jana, pamoja na askari mmoja anayekwenda Nairobi, atamweka kwenye gari la Kisii. Utakuwa umempokea barua hii ikifika. Yeye hatakueleza, kwa hiyo nakueleza mimi.

Alifika na koti lake na kofia. Hakutaka chai. Aliuliza mbuzi yuko wapi. Akamchinja mwenyewe, na panga hakumwachia mtu. Kwenye kukata mguu panga liliteleza, akapiga mara ya pili. Kisha akaukaza kwa waya kwenye ndoana, mizunguko mitatu, akavuta kwa koleo mpaka waya ukazama kwenye nyama. Alisema kazi ya kufunga ng'ombe ameifanya maisha yake yote, hawezi kufundishwa na bahari.

Siku hiyo debe halikwenda. Mawimbi yalikuwa yakilirudisha. Alilitazama likirudi, likirudi tena, halafu akaubeba ule mguu begani na mnyororo wake, akaingia majini na viatu vyake. Nilidhani atasimama magotini. Hakusimama. Nilimkuta maji yamefika shingoni, analiita jina la ndugu yako. Nikamshika ukosi wa koti. Tulipigana, binti yangu, wazee wawili, watu wanatazama. Alipotoka alikaa mchangani akalia kwa sauti, nami nikalia. Ule mguu tuliuacha humo humo kwenye kamba.

Uliniomba jambo, nami nilikuwa nimeapa kwamba juu ya maiti ya mtu sitasema uongo. Sasa sijui. Kwaheri.

Bwanaheri Shee

*

Mambrui
19 Julai 1968

Mzee wangu Abner,

Papa amepatikana. Alikuja maji yakijaa, mkubwa, tukavuta watu kumi na wawili na gogo likang'oka. Mnyororo wako haukukatika. Nimempasua peke yangu, na ndani yake nimekuta mfupa mgumu, nawe unakumbuka niliyokuandikia juu ya mfupa mgumu. Mimi si daktari. Nimeuosha kwa maji safi, nimeufunga kwa kitambaa cheupe kama tunavyowafunga watu wetu.

Nyasani ameomba ruhusa kazini, anauleta kwa mkono wake. Nimemwambia asiufungue njiani wala asiuweke juu ya paa la gari.

Zika, mzee. Mwambie na mama yake alale nyumbani kwake.

Bwanaheri

*

Ikonge
5 Agosti 1968

Ndugu yangu Bwanaheri,

Nyasani alifika Ijumaa jua likiwa bado juu. Tulizika Jumapili ya wiki iliyopita. Watu walikuja mpaka kutoka Nyacheki, wengine siwajui. Pasta aliomba sana. Wajomba waliochimba ndio waliofunika, na waliposhindilia udongo kwa miguu nilisikia watu wanashusha pumzi, boma zima. Leo asubuhi majirani wamepita kwa njia yao ya zamani.

Kabla ya hapo nilifungua kitambaa. Nilikuwa peke yangu ndani ya nyumba.

Ndugu yangu, juu ya goti pana alama mbili za panga, moja ya kina, moja iliyoteleza. Chini yake pana mstari uliozunguka mara tatu. Panga hilo nalijua na mkono huo naujua. Waya ule niliukaza mimi. Tena barua zako zote huniambia chambo kilikuwa nini. Hii ya mwisho haikusema.

Nilitaka kukasirika. Niliitafuta hasira, nikaikosa. Niliyekataa mgomba nimeletewa mbuzi, na mbuzi mwenyewe nimemchinja mimi. Nikasema nitautupa jikoni, nitaliacha kaburi, na kama linaita mwingine basi liniite mimi. Ndipo mke wangu, Mong'ina, akaingia.

Aliuchukua mkononi mwangu. Mke wangu amekata na kupika mbuzi katika boma hili tangu nilipomwoa. Hakuna kiungo cha mbuzi asichokijua hata gizani. Akapitisha kidole gumba penye zile alama za panga. Akakipitisha tena penye waya. Akanitazama, nami nikamtazama. Halafu akaufunga ule mfupa vizuri ndani ya kitambaa chako, akasema, "Ni yeye. Tumfunike kabla mvua haijarudi."

Nikasema, "Ndiyo. Ni yeye."

Usiku ule aliufunga mlango wa nyumba ya Machogu kwa nje, akaja kulala kwangu. Anakula. Persis anafurahi, anasema mama amepona, na amekaa hapa wiki nzima akiikata ile chai iliyoota. Mimi namsikia Mong'ina usiku hajalala, naye ananisikia. Yeye ananificha, nami namficha, na hivyo ndivyo tutakavyozeeka.

Usivue tena kwa ajili yangu. Mnyororo usiurudishe; ng'ombe nimeuza, silimi. Ndoana ya Nyamongo mpe mwenye bucha.

Mwanangu yuko huko kwenu, na atabaki huko. Sina mtu mwingine huko isipokuwa wewe. Ukisimama tena pale ufukoni, umpungie mkono. Alikuwa akikusalimu.

Abner Omwenga